Kinywa cha Komisio

...na bado anaongea, direkta huyu, mkono wake juu ya bomba la buluu kama mtu anayempapasa ng'ombe wake wa maziwa, anaongea Kiingereza cha haraka na mimi ninatikisa kichwa, ninameza maneno yake ili niyatoe upande wa pili, maana hiyo njo kazi yangu leo, mimi Djamila binti Husseini, kinywa cha komisio, komisio ya serikali iliyotoka Kinshasa kuja kuangalia nyumba hii ya mashine za kompyuta inakula umeme kiasi gani na inakunywa maji kiasi gani, swali lenyewe ni hilo tu, na toka asubuhi tunazungushwa, tumeonyeshwa taa za kijani zinazokonyeza, tumevalishwa makoti tusione baridi, baridi, ndani ya Kalemie, wakati huko nje jua linakausha samaki wadogo wa ndagala kabla mtu hajamaliza kuzianika... wamama wa mtaa wanaiita Frigo, nyumba hii, kwa sababu mlango ukifunguliwa hewa yake ya baridi inafika mpaka barabarani, na wao ndio hawa wamesimama nyuma ya komisio, wachache walioruhusiwa kuingia kwa kuwa sheria inasema majirani wasikilizwe, wengine wamebaki kwenye geti na askari na bidon zao za maji, tupu, na Mama Clémence yuko mbele yao, kavaa kitenge chake cha kwenda misa, harufu ya samaki bado mikononi, yeye ndiye aliyeuliza, hakuomba ruhusa, alikohoa tu akasema, "Mimi ninauliza hivi. Maji yetu ya robine, ile ya bomba ya mtaa, ilienda wapi? Musimu muzima wa mvua robine ilikuwa inapumua upepo tu. Na huyu mashine, yeye alikuwa anakunywa nini?" na Papa Valère, mkubwa wa komisio, akacheka kidogo kama mtu anavyochekea mtoto aliyeuliza jua linalala wapi, lakini direkta hakucheka, alitaka kujua mama amesema nini, nikamwambia, neno kwa neno nikamwambia, na sasa anajibu, swali zuri, anasema, swali zuri sana, mashine zinatoa joto, joto lazima lichukuliwe na maji, na maji... ndiyo, ninafuata, endelea... Kiingereza changu nilikitoa Kigoma, vita ile ya zamani ilipotuvusha ziwa tukiwa wadogo, mimi na mdogo wangu Amina, mama alitufunga kwa kanga moja ili mashua ikizama tupatikane pamoja, Amina alikuwa anatapika magotini pangu na mimi ninamwimbia ili asiangalie maji, na ng'ambo ile nikasoma, yeye akakataa shule, akasema Kiingereza kinamwasha ulimi, akajifunza kupika mandazi, na tuliporudi mimi nikawa mtu wa kukaa katikati ya wakubwa na yeye akawa mtu wa kupendwa na mtaa mzima, sijui nani alipata zaidi, ninajua... anasema ziwa, anasema walitandika bomba lao wenyewe la kuvuta maji ziwani, vichujio vya kisasa, ndiyo, hayo yote tuliyasikia asubuhi, Papa Valère alitikisa kichwa mpaka nikaogopa shingo yake, hakuuliza hata swali, anaonyeshwa kipimo cha umeme anasema bon, yaani sawa, anaonyeshwa kipimo cha maji anasema bon, kipimo chenyewe kiko nyuma ya kioo na kioo kimefungwa na ufunguo uko na direkta, bon, hivi ndivyo serikali inavyochunga, mchungaji anamuuliza chui mbuzi wako wangapi... Mama Clémence ananiangalia mimi, si direkta, macho yake yako kwenye mdomo wangu, na mimi siwezi kumtazama sana kwa sababu nikimtazama ninaona lile hema la kipindupindu, vitanda vile vya kitambaa cha plastiki vyenye tundu katikati na ndoo chini, na Amina wangu juu yake amekauka kama mtu aliyekamuliwa, nilikuta wamekwisha kumfunga ndani ya mfuko wa maiti, nilichelewa, nilikuwa kwenye mkutano ninawatafsiria wazungu wa misaada hesabu za wakimbizi, na aliyekuwa naye ni huyu, Mama Clémence, alimshika taya, akamfumba macho, akanieleza baadaye kwa aibu, "Nilijua nyinyi munageukia Maka, nikamugeuza, lakini sikujua Maka njo upande gani, nikamuangalisha kwenye ziwa," nikamwambia ni sawa Mama, ni sawa, na hakukuwa na sawa yoyote, wale wa kipindupindu wenye mabuti walimnyunyizia dawa hawakutuachia hata kumwosha... ni zile siku watu wa Uvira waliokimbia vita hii mpya walipokuwa wanashushwa na maboti, usiku na mchana, wanawake wameshika sufuria bila vifuniko na watoto wa watu wengine, na Amina hakuweza kukaa nyumbani, akawapikia uji, uji unataka maji, robine inapumua upepo, akachukua bidon akateremka ziwani, palepale maboti yanapofika, wapi pengine, na makaa yalikuwa hayaonekani kwa kuwa njia ya Niemba ilifungwa, basi maji ya wageni aliyachemsha, yake hakuyachemsha, aliwaachia wageni makaa, ndivyo alivyokuwa, mjinga wangu, mdogo wangu, na watu waliokuja msibani wote walisema neno moja, ni vita, mkubwa wa mtaa alisema ni vita, radio ilisema ni vita, waasi wamekata nyaya za umeme unaotoka kituo cha Bendera, pampu za mji hazina nguvu, dawa ya kusafisha maji imekwama njiani, vita, na mimi nilikubali, hata nilishukuru, maana vita haina mlango ukaugonge, haina mama ukamtukane, unamwachia Mungu na unaenda kulala... subiri, amesema nini, nimepoteza neno, nikamwomba direkta arudie na akarudia taratibu, kwa adabu, kama mwalimu, mvua zilipoanza, anasema, mito ilishusha matope, maji ya ziwa yakawa machafu, vichujio vyetu vikaziba, mashine zikataka kuungua, kwa hiyo tuliomba tupewe kwa muda maji ya mji, yale yaliyokwisha kusafishwa, bomba la upande huu wote wa mtaa, tukaruhusiwa, hatukuiba, Madame, kila kitu kilifuata sheria, ofisi yenu hii hii ndiyo iliyoruhusu, na anamwonyesha Papa Valère kwa kiganja wazi, kwa heshima kabisa, anasema Monsieur Valère alitusaidia sana, na pampu hazikusimama hata siku moja, umeme ulikuwepo, maji yalikuwepo, yalikuja kwetu... yalikuja kwao.

Yalikuwepo, basi. Pampu za mji zilikuwa zinazunguka, dawa ilikuwepo, maji masafi yalipita chini ya uwanja wetu, chini ya miguu ya Amina akiwa ameshika bidon, yakaja kuoshea joto la mashine zinazotunza picha za harusi za watu ambao hawajui kama kuna mji unaitwa Kalemie, na mimi nilimwachia Mungu, Mungu wa watu, nimemsingizia Mungu na vita jambo la mtu aliyekaa kiti cha mbele ndani ya gari tuliyokuja nayo, aliyenigawia biskuti njiani, akaniuliza nina ndugu wangapi, nikamwambia nilikuwa na mmoja, akasema pole Madame, hii vita, hii vita... na sasa direkta amemaliza, anatabasamu, ananipa nafasi, na mashine zinanguruma, na Papa Valère, Kiingereza chake ni cha hoteli lakini jina lake amelisikia, na kile kiganja amekiona, amesogea mpaka marashi yake yako puani mwangu, amenishika mkono juu ya kiwiko, ananinong'oneza kwa Kifaransa, "Fupisha, Madame. Waambie ni vita. Wataelewa," na kweli wataelewa, wameelewa siku zote, nikisema neno hilo moja watatikisa vichwa, watasema Mungu iko, watarudi kwenye bidon zao na mimi nitarudi kwenye kazi yangu, na komisio nyingine ikija nitaitwa tena... na nikisema lile lingine, askari wa getini ni vijana, wamechoka, vidole vyao havitulii, na wamama wakipiga kelele nani atawajibu, nani atakufa, nitakuwa nimemzika Amina mara ya pili na wengine juu yake, hilo ninalijua, sijidanganyi, na ninajua pia kwamba kesho Papa Valère hatakuwa na haja ya kinywa changu, wala mkubwa mwingine yeyote hapa mjini... lakini Mama Clémence hakuniuliza kama itakuwa salama, ameuliza maji yalienda wapi, ni mtu mzima, ameuliza ndani ya nyumba yao, mbele ya nyuso zao, na alimgeuza mdogo wangu kwa mikono ile ile bila kinga, wakati mimi nilikuwa nimekaa katikati ya wakubwa, na jibu si langu nilifupishe, si la Papa Valère, ni la Mama Clémence, limetolewa kwa ajili yake, mimi nimelibeba tu... nitalisema lote, na jina, na mvua, na bomba, nitalisema taratibu, nitawaambia pia wasikilize mpaka mwisho bila kupiga kelele na watoke kimya kupita wale askari, na nikimaliza nitalirudia kwa Kifaransa ili wale wengine wa komisio wanaojifanya kuangalia taa wasije wakasema hawakusikia... mkono wake bado uko juu ya kiwiko changu, unabana, ninamtoa kidole kimoja, na kingine, bila hasira, hata mimi ninajishangaa hasira iko wapi, "Mama Clémence," ninasema, "sogea karibu, hizi mashine ziko na makelele, na sitaki neno hata moja likupite."