Roketi Iliyokana Kuruka

Kupanda ilipanda vizuri, tusiseme uongo. Ilichomoka kwenye reli yake ya kurushia pale Muleba kwa kishindo kilichofanya mbuzi wa watu wakimbie na kamba zao, ikapaa mpaka wageni kutoka Dar wakashika kofia. Kilichofuata ndicho cha aibu. Parachuti haikufunguka. Mtambo mzima wa mita mbili ukageuza pua, ukarudi ardhini na kujichomeka kwenye tope la bondeni.

"Yesu na Maria!" akasema Rugemalira, fundi seremala wa mtaa wa Bilele. "Na rangi yote ile!"

Yeye ndiye aliyetengeneza kiwiliwili, bomba la karatasi ngumu lililoviringishwa kwa gundi, akalipiga msasa na rangi nyekundu mpaka unajiona sura. Kila mgeni alishaelezwa hivyo mara mbili, wengine wakiwa wanatafuna. Vya ndani havikumhusu. Vya ndani vilikuwa vya Zuena, binti wa mtaa wa Bakoba, mwalimu msaidizi wa umeme wa chuo cha ufundi kilichounda roketi hiyo, na parachuti ni ya ndani. Kwa hiyo Rugemalira alishuka bondeni na huzuni ya wastani, ile ya msiba wa jirani.

Zuena alishapiga magoti topeni na gauni lake zuri. Hii ilikuwa mara ya pili. Roketi ya kwanza ilizama ziwani mwezi uliopita, hakikuonekana hata kipande. Mkuu wa chuo, Kahangwa, alishasema wazi: ikianguka tena anataka jina la mkosaji kwenye ripoti, na mkosaji huyo hagusi tena karakana.

Zuena akachomoa kifaa cha kupimia urefu, kidude kidogo kuliko kiberiti. Kazi yake ni kuhisi hewa inavyopungua huko juu, kisha kuwasha baruti kidogo ya kusukuma parachuti nje. Akaanza kukagua. Betri ilikuwa nzima na nyaya hazikukatika. Baruti ilikuwa vilevile, haijaonja moto. Akafunga kitaa mahali pa baruti, akakitia kifaa kwenye chupa, akafyonza hewa kwa mdomo, akaachia. Kitaa kikawaka.

"Kizima!" akasema. Akakiunga na kompyuta, akasoma kumbukumbu mara mbili.

"Kinasemaje?" akauliza Kahangwa.

"Kinasema hatujaruka. Urefu sifuri."

"Kinasema uongo hicho," akadakia Rugemalira. "Mimi hapa shingo inauma kwa kuitazama."

"Hewa haikukifikia, mkuu. Ndiyo maana Alhamisi nilitoboa bomba vitundu vitatu, ili hewa..." Akafuta tope kwa kiganja. Chini yake palikuwa na wekundu mtupu, laini. Akaligeuza bomba, akaligeuza tena. "Nilitoboa," akasema. "Wallahi nilitoboa." Halafu, kwa sauti ndogo: "Au nilisahau?"

Rugemalira alivijua vitundu hivyo. Ijumaa, akimalizia msasa, aliviona vitundu vile. Vitatu, saizi ya njiti ya kiberiti, katikati kabisa ya kazi yake! Wageni waje waseme Rugemalira anauza bidhaa iliyoliwa na wadudu? Thubutu. Akachanganya vumbi la mbao na gundi, akaziba, akapiga rangi juu, akajipongeza. Na ile ya kwanza aliifanyia hivyohivyo.

Kahangwa akafungua kalamu. "Naandika: Zuena Muksini, alisahau kutoboa."

"Andika," akasema Zuena. Alikuwa analia waziwazi.

Rugemalira angeweza kunyamaza, na alitaka sana kunyamaza. Tangu ajifunze ufundi hajawahi kukosea. Meza ikiyumba, sakafu ndiyo mbovu. Mlango usipofunga, nyumba ndiyo imehama. Lakini binti wa watu alikuwa anakitilia shaka kichwa chake mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko alivyotegemea. Akatoa kisu mfukoni, akakwangua rangi, akachokonoa. Vikadondoka vizibo vitatu vya njano.

"Alitoboa," akasema. "Mimi ndiye niliyeziba."

"Kwa nini, mzee?" akauliza Kahangwa.

"Urembo."

Mgeni mmoja akaangua kicheko, akaona uso wa Zuena, akakikata.

"Na ile ya kwanza?" Zuena akauliza.

"Na ile, mwanangu. Nisamehe."

"Mwezi mzima sijalala, mzee Rugemalira! Nimefungua waya mmoja mmoja. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye mkoba!" Akachota tope, akamtandika nalo kifuani, kwenye shati jeupe la Jumapili. Rugemalira hakulipangusa.

Kahangwa akakata jina la Zuena. "Sasa niandike nini? Fundi seremala?"

"Mafundi seremala tuko wengi, watasingiziwa bure," akasema Rugemalira. "Andika Rugemalira Deogratias Rwekaza. Yote matatu."

Zuena akampokonya mkuu kalamu, akayaandika mwenyewe.