Ugumu wa Kupiga, Sifuri Hadi Kumi

Kosa ni langu, nakubali, lakini hata ninyi mngefanya hivyohivyo. Baba wa mke wako anakosa mpira mara arobaini na moja mbele ya wajukuu zake, kisha anasema hana njaa. Ungefanyaje?

Mimi ni fundi friji. Baba mkwe alikuwa fundi saa, na mtaa mzima unamwita Dakika. Yeye na mama mkwe wanaishi kwetu. Mtoto wa jicho ameshamwingia macho yote mawili, ila mwenyewe hakubali, bado anapokea saa za watu. Jirani mmoja alirudishiwa saa mishale inakwenda kinyumenyume, na kwa heshima akaivaa hivyohivyo kazini wiki nzima.

Daktari alisema wazi: upasuaji Alhamisi ya mwisho wa mwezi, akichelewa zaidi jicho la kulia basi tena.

Hapo ndipo shemeji, mdogo wake mke wangu, alipotuletea mashine ya gemu ya mtumba. Ndani kulikuwa na gemu moja tu, besiboli, mchezo ambao nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuuona hata kwa bahati mbaya. Tulichoambulia ni kwamba mmoja anarusha mpira, mwingine ana rungu, na ukibonyeza kitufe kwa wakati wake, rungu linapiga. Dakika akaupenda palepale. Tatizo ni zile mara arobaini na moja.

Alipokwenda kuoga nikapekua mipangilio. Nikakuta ugumu wa kupiga, sifuri hadi kumi, umewekwa tano. Nikaushusha hadi sifuri. Kwenye sifuri, hata ukikikalia kitufe, rungu linapiga na mpira unaruka hadi nje ya uwanja, mashine inakushangilia.

Dakika akarudi na taulo begani, akapiga mipira thelathini mfululizo. Sijawahi kuona mzee ana furaha vile. Akala sahani mbili. Halafu akachukua simu, akampigia daktari.

"Nimepona," akasema. "Mpe mgonjwa mwingine nafasi yangu."

Mama mkwe akashika kichwa. Mke wangu akaanza kulia. Dakika akatutangazia kama hakimu: "Siku nikikosa mpira mmoja, mmoja tu, nitakwenda hospitali mwenyewe, kwa miguu. Kabla ya hapo mtu asinitajie daktari."

Ikabidi nimwambie mke wangu ukweli, jikoni, mlango umefungwa. Alinitazama mpaka nikatamani kuingia ndani ya friji.

"Wewe ndiye uliyempa macho," akasema. "Wewe ndiye utakayemnyang'anya. Na iwe kabla ya Alhamisi."

Akampigia daktari kimyakimya, nafasi ikarudishwa. Zilibaki siku kumi.

Sasa, namba za friji hazipandishwi kwa pupa. Unapandisha moja, unasubiri, unaisikiliza mashine. Nikafanya hivyohivyo. Moja, akapiga. Mbili, akapiga. Tatu, nne, anapiga huku anasimulia habari za ujana wake. Nilipofika tano, palepale alipoaibikia siku ya kwanza, akapiga yote! Nikahisi mashine imeharibika. Nikacheza mwenyewe kwenye saba, sikugusa hata mmoja. Shemeji naye akajaribu, akaishia kuitukana televisheni.

Kwenye nane, Dakika alikuwa amegeuka anatazama kabati la vyombo. Akapiga.

"Baba," nikamwambia, "televisheni iko huku."

"Najua iko wapi!" akanikaripia. "Kwani naipiga televisheni?"

Jambo jingine, hataki kucheza bila mimi. Lazima nikae pembeni yake, bega kwa bega. Nikiitwa kwa mteja, anasimamisha gemu ananisubiri hata kwa saa tatu nzima. Mimi nikavimba kichwa, nikajua mkwe ananipenda.

Jumatano, kumi. Hakuna tena pa kupandisha. Familia nzima imejaa sebuleni. Mama mkwe ndiye refa, maana ana filimbi, sheria hazijui. Tulikubaliana mipira kumi. Kwenye kumi mpira hauonekani kabisa, unasikia tu "pwa!" basi. Dakika akapiga wa kwanza. Akapiga wa tano. Akapiga wa tisa. Mke wangu akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka.

Nikaanza kuogopa kwelikweli. Jicho la mzee wa watu linapotea kwa sababu yangu, kwa huruma yangu ya kijinga. Mrushaji akainua mkono. Pumzi ikanikwama.

Mpira ukapita. Dakika hata kidole hakusogeza.

Filimbi ikalia. Hakuna aliyeshangilia. Yeye akanigeukia, akatazama pembeni kidogo ya mahali nilipo.

"Mkwe," akasema, "mbona hupumui?"



"Kila mpira ukija unavuta pumzi. Hih! Hivyo. Mimi nabonyeza hapo. Huo mpira wenu sijawahi kuuona, hata siku moja." Akaweka rimoti chini polepole. "Naogopa, mwanangu. Watanilaza, waniambie nisitikisike, giza tupu. Huko ndani nitamsikiliza nani?"

Mama mkwe akaitupa filimbi, akaenda kumkumbatia.

Alhamisi alikwenda kwa miguu kama alivyoapa, mimi nikiwa ubavuni. Daktari alikataa katakata mimi kuingia. Dakika akakataa katakata kulala. Mwisho nikavishwa kofia na joho la kijani, nikasimama kichwani pake, nikapumua kama pampu ya baiskeli hadi nesi akaniuliza kama nami nataka kitanda.

Jicho la pili lilifuata baada ya wiki tano. Sasa anaona kila kitu. Ameona kumbe mimi ni mfupi, na amelisema mbele ya wageni. Saa ya jirani ameitengeneza upya.

Jana akawasha gemu. Akaukodolea macho ule mpira, akakosa. Akakosa tena. Nikashusha hadi nne, mbele yake safari hii, akakosa. Nikapeleka mkono kwenye sifuri, akanishika.

"Acha. Rudisha kumi," akasema. "Kaa hapa."

Nikakaa, bega kwa bega. Akayafumba macho yote mawili, mapya kabisa yale.

"Haya," akasema. "Pumua."