Hilo Halina Alama

Kufundisha watu wazima wanaoamini wameshajua kila kitu kunachosha, wewe acha tu. Mwalimu alikuwa na uchovu huo mpaka kwenye mifupa. Kazi yake ilikuwa kuwanoa wahitimu wa sheria wafaulu mtihani wa uwakili, katika chumba cha kupanga juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako kila akifika penye jambo la maana mtu huko chini anaanza kukata bati. Wanafunzi walikuja na digrii zao, tai zao na ubishi wao, naye aliwaambia yaleyale aliyowaambia wenzao mwaka jana: soma swali, jibu ulichoulizwa, usinihubirie.

Mwaka huu alibebeshwa mzigo mwingine. Dada yake mkubwa alikuja nyumbani, akakaa, akakataa hata chai, ndipo mwalimu akajua mambo si madogo. Binti wa dada huyo alikuwa ameanguka mtihani huohuo mara mbili, na kanuni zinaruhusu mara tatu tu. Akianguka tena ndiyo basi, uwakili atausikia kwa wenzake. Dada mtu hakubembeleza. Alisema mtoto amemkabidhi mjomba wake, akajifunga mtandio, akaondoka.

Kilichomkera mwalimu ni kwamba binti alikuwa na akili. Vifungu vyote anavyo kichwani, kesi anazitiririsha kama anasoma mahali. Sasa anaangukaje? Akampa swali la mazoezi. Wewe ni wakili wa mwenye nyumba, mkataba wa mpangaji umeisha, mwenye nyumba anataka kuvunja ajenge duka, na mpangaji, mama mjane mgonjwa, hataki kutoka. Mshauri mteja wako. Binti akainama, akajaza kurasa nne. Mwalimu akazisoma mpaka akavua miwani. Kurasa zote nne zilikuwa zinamtetea mjane. Na zilikuwa nzuri, asikudanganye mtu. Mjane yeyote angezisoma akalala usingizi mnono.

Akamuuliza mteja wake hapo ni nani. Binti akajibu bila kusita kwamba ni mwenye nyumba. Sasa mbona huyo hajaambiwa kitu? Binti akafikiri kidogo, akasema mwenye nyumba ana wakili tayari. Mwalimu akamkumbusha kwamba wakili mwenyewe ndiye yeye.

Kumbe ndivyo alivyoanguka mara zote mbili. Akishaona mnyonge kwenye swali, anahamia upande wake bila kujijua. Wenzake walimcheka, wakampachika jina la Mama Huruma, naye akacheka pamoja nao, na wiki iliyofuata akarudia kosa lilelile.

Basi mwalimu akaanza kumkomaza. Kila jioni wenzake wakishaondoka, alimkalisha na penseli. Sentensi yenye alama za mtihani iache, isiyo na alama ikate. Mjane anaumwa: kata. Ameishi humo tangu aolewe: kata. Mwanzoni mkono wa binti ulikuwa mzito. Alifika kwenye sentensi, akaitazama, akainua uso.

"Mjomba, sasa huyu mama ataenda wapi?"

"Hilo halina alama."

Alimjibu hivyo jioni ile na jioni zilizofuata, koo limemkauka, macho yanamwasha, mpaka jibu likamkaa mdomoni. Mkewe alimuuliza jambo siku moja nyumbani, jibu hilohilo likamponyoka, na siku hiyo mwalimu alilala bila kusemeshwa. Ukweli ni kwamba alimpenda mpwa wake kwa kosa hilohilo la kuhamia kwa wanyonge, na ilimuuma kuling'oa. Lakini angemwambia nini dada yake? Akanywa maji, akaleta swali jingine.

Penseli ikazidi kuwa nyepesi. Maswali ya binti yakapungua, kisha yakaisha, na mwalimu alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuona ni lini.

Siku ya mtihani alimngoja nje ya geti, roho juu. Mwanafunzi mmoja aliyetangulia kutoka alimwonyesha karatasi ya maswali, naye akakimbilia kusoma swali kubwa. Wewe ni wakili wa kiwanda. Mfanyakazi amekatwa mkono na mashine baada ya yeye mwenyewe kuiondolea kinga, na kiwanda kinataka kumwachisha kazi. Ana watoto watatu anaowalea peke yake. Aliyelitunga alijua anachokifanya, na mwalimu akaona mpwa wake amekwisha.

Binti akatoka ametulia, mkoba begani. Mwalimu akamuuliza juu ya swali lile, naye akamweleza alivyokishauri kiwanda, hoja kwa hoja: kanuni za usalama, onyo la maandishi, utaratibu wa kikao, kiwango cha fidia na jinsi ya kukipunguza. Hakuacha tundu. Mwalimu mwenyewe asingeandika vizuri zaidi, na hapo angenyamaza tu yakaisha.

"Na wale watoto?" akauliza.

"Watoto gani, mjomba?"

Hakuwa anatania. Alisimama pale akimtazama, anangoja kwa adabu aambiwe amekosea wapi. Mwalimu akamwambia hajakosea popote, amefaulu, ampigie mama yake. Binti akatoa simu, uso umemng'aa. Mwalimu akaangaza huku na huku kutafuta mahali pa kukaa, hakupaona, akabaki amesimama.