Beki Aliyeacha Kusujudu

"Mama Jawahir, kwani mumeo siku hizi haswali?"

Aida, jirani wa mlango wa pili, aliuliza hivyo huku anamwaga maji kizingitini, bila kuinua uso, kama mtu aulizaye bei ya nazi. Suhaila alisema tu, "Mungu atujaalie mwisho mwema sote," akaingia ndani. Lakini swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki: ukimeza wauma, usipomeza wauma.

Si kwamba alikuwa hajaona. Mumewe, Athmani, akisikia adhana ya alasiri huvaa kanzu na kofia, hutoka, hurudi kwa wakati wake. Ila kanzu ilikuwa ikirudi haina kunjo magotini, na mwanamke aliyempigia mtu pasi tangu siku ya fungate atakosaje kujua magoti yake? Siku moja alijitanda buibui akamfuata kwa mbali. Athmani aliupita mlango wa msikiti, akashika barabara ya Ndia Kuu, akafika penye njia panda ya vichochoro akasimama, akitazama huku na huku kama mtalii aliyeachwa na wenzake, yeye aliyezaliwa mtaa huo huo. Mwishowe akaketi kwenye baraza ya duka lililofungwa, akaziba masikio kwa viganja. Watu walipotoka kuswali, naye akainuka akarudi nyumbani.

Alimkuta Suhaila ameshatangulia, anamngoja.

"Nimekuona," akamwambia.

Sasa huyu Athmani hakuwa mtu hivi hivi. Zamani zile timu ya kisiwani ilipokuwa timu, hapakuwa na beki wa kati kama yeye. Walimwita Nyundo. Kona ikipigwa, wenziwe huinamisha shingo, yeye huupandia mpira kwa kipaji cha uso, hata ule wa ngozi ulionyeshewa mvua ukawa mzito kama gunia. Mara nyingi aligongana na mtu akalala chini kama maiti, akamwagiwa maji, akainuka haoni sawasawa, akarudi kucheza na uwanja mzima ukimwimba. Suhaila mwenyewe alikipenda kile kichwa kabla hajampenda mwenyewe. Hilo hawezi kulikana mbele ya Mola wake.

"Nikisujudu," Athmani alisema, akiutazama ukuta, "kichwa hutaka kupasuka. Sakafu huzunguka. Ile Ijumaa nilimwangukia mtu wa safu ya mbele. Wajua alifanya nini? Alininusa mdomo."

Suhaila akakaa kitako.

"Mgonjwa huswali kitini, Baba Jawahir. Dini haikumtwika mtu asichokiweza."

"Nyundo aswali kitini? Wazee wasio na meno wasujudu, mimi nimekaa pale kama abiria?"

Alimbembeleza mpaka akakubali kwenda hospitali. Daktari, mwanamke mdogo mwenye sauti ya upole, alimpigisha Athmani picha ya kichwa, akamuuliza maswali mengi; mengine Athmani akayajibu, mengine akamtazama mkewe ajibu yeye. Akawaambia kwamba yote yaliyo ndani ya kichwa cha mtu aliye hai hayaonekani, lakini kwa dalili hizi na ule mpira wa miaka mingi, yeye aona ubongo umeumizwa na mapigo, makubwa na madogo. Suhaila alilifahamu jambo hilo kwa njia yake: yai waweza kulitikisa na kulitikisa, ganda likabaki zima linang'aa, na ndani hakuna tena kiini wala ute.

"Na huzuni aliyo nayo ni maradhi pia, mama," daktari akasema. "Si udhaifu wa imani. Dawa anywe, msimwache peke yake sana. Na kichwa hicho kisigongwe tena. Hata kidogo."

Suhaila alikuwa amekwisha kumsomea Yasini kwenye maji, amemwita shekhe aje amsomee, ameuliza ni nani mwenye kijicho. Kusoma hakukujutia, maana neno la Mungu halipotei. Ila sasa alijua anaomba nini.

Njiani Athmani alimshika mkono, jambo asilolifanya barabarani.

"Neno hili lisitoke mlangoni. Hata Jawahir asijue."

Jawahir ni binti yao, ameolewa Malindi. Suhaila akasema haya, halitatoka. Na hilo ndilo lililomwelemea. Aliwasikia wanawake kwenye foleni ya maji wakisema mume wa Suhaila ameanza ulevi uzeeni, akanyamaza. Tukutuku ikipiga honi kichochoroni Athmani alishtuka akairusha sahani ukutani; Suhaila akaokota vigae, akanyamaza. Na asubuhi moja, chai mbele yake, Athmani akasema polepole, "Lau ningelala nisiamke, nyote mngepumzika." Tangu hapo dawa alizifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni, na usingizi wake ukawa wa paka.

Basi Alhamisi moja baada ya alasiri ikasikika hodi ya sauti nene. Alikuwa Nicodemus, nahodha wao wa zamani, mtu wa bara aliyekuja kufanya kazi bandarini akasahau njia ya kurudi kwao.

"Karibu, shemeji," Suhaila akasema.

"Nyundo yuko? Ah, huyu hapa. Bwana, hilo tumbo ni lako au umeliazima?"

Athmani akamtazama. Kisha, kidogo kidogo, uso ukafunguka. "Na wewe nywele umempa nani? Kichwa kama sufuria iliyosuguliwa majivu."

Wakacheka wote wawili. Suhaila, akiwaletea kahawa na kaimati, alisimama mlangoni. Kicheko kile hakukisikia tangu mwaka jana.

Nicodemus akatoa jezi kwenye mfuko wa plastiki, akamwekea Athmani mapajani. Jumamosi, akasema, wakongwe watacheza uwanja wa Tononoka, kumkumbuka Griffins.

"Griffins golikipa?" Suhaila akauliza. "Si mlisema alikufa kwa maradhi?"

Nicodemus akashusha sauti. "Ndivyo tulivyosema, shemeji. Alijitoa roho. Kwanza alikuwa mkali, kisha akanyamaza, akawa anapotea njia ya nyumbani. Mkewe alijua kuna kitu, akakificha. Sisi tukasema ni pombe. Tulikuwa tukimcheka."

Athmani alikuwa hasikii, au hataki kusikia. Aliipapasa namba ya mgongoni.

"Kona ya kwanza ni yangu," akasema.

"Naipiga mimi mwenyewe. Pale pale kwenye kipaji."

"Baba Jawahir," Suhaila akasema, "hebu njoo ndani mara moja."

"Sema hapa hapa."

"Wajua ninalotaka kusema."

"Basi usiseme." Hakukasirika. Alimtazama kama mtoto aliyepewa nguo ya Idi akaambiwa aivue. "Niache siku moja, Suhaila. Moja tu niwe mimi."

Suhaila aliitazama ile jezi. Angempa. Wallahi, angempa hiyo siku, kwa vile alivyokuwa mzuri dakika ile, mzuri kama kijana aliyemuona zamani amebebwa mabegani uwanjani Makadara. Lakini alimfikiria mke wa Griffins, mwanamke asiyemjua hata kwa sura, aliyekiweka kitu kifuani mpaka hakuna wa kumwambia.

"Shemeji Nicodemus," akasema, "huyu hachezi. Kichwa chake kimeumia, na si leo. Daktari amesema pigo moja laweza kumaliza kilichobaki. Haendi msikitini kwa kuwa hawezi kuinama. Si mlevi. Na ameniambia anataka alale asiamke. Nimekwambia, kwa sababu peke yangu simuwezi."

Nicodemus alikiweka kikombe chini, kikakosa sahani yake, kahawa ikatambaa juu ya mkeka.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikikumwagia maji," alimwambia Athmani. "Nakupiga makofi, nakuuliza hivi vidole vingapi, hata jawabu sikungoja. Nakusukuma urudi." Akanyoosha mkono. "Nipe jezi, ndugu yangu."

Athmani hakumpa, wala hakumkatalia. Nicodemus aliitoa mapajani mwake taratibu, kama anayemfunua mgonjwa shuka.

Athmani akainuka. Alishika ukuta mpaka nyumba ikatulia machoni pake, akatia miguu kwenye makubadhi. Alipofika mbele ya mkewe akasimama.

"Umenivua nguo mbele ya mtu."

"Nimekuvua," Suhaila akasema. "Na u hai."

Akampita, akatoka. Nyayo zake zikashuka kichochoroni, hazijulikani zaelekea wapi. Suhaila alitaka kumkimbilia, akaona mumewe hataki kufuatwa naye, si sasa. Pengine hata baadaye.

"Mfuate wewe, shemeji," akasema. "Usimsemeshe. Asiende peke yake tu."

Nicodemus akaiacha jezi juu ya kiti, akavaa viatu bila kufunga kamba, akashuka kichochoro kile kile.