Sauti Iliyobaki Kazini

Mshauri wa ajira alikuwa mtu mwema, na wema wake ulisikika tangu kwenye korido, maana kila alipomwona Sauti alipayuka kana kwamba amesimama ng'ambo ya barabara. Kwa akili yake, mtu akipoteza macho, masikio nayo hayakawii kufuata.

"DADA YANGU! KARIBU! LEO UMEPENDEZA!"

"Asante. Na wewe umependeza," alijibu Sauti, akitafuta kiti kwa ncha ya fimbo yake nyeupe.

Sauti halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa mtaani tangu utotoni, kwa sababu akitamka neno moja tu hata mwenye haraka zake husimama kusikiliza. Watu walisema Mungu alimnyima macho akamfidia kooni. Yeye hakuiona hiyo fidia mpaka kituo hiki cha kuwatafutia kazi watu wenye ulemavu kilipompeleka kupokea simu kwenye kampuni ya vigae. Kituoni hawakusema "ulemavu", walisema "uwezo wa namna nyingine", na neno "kipofu" lilikuwa kama tusi. Maneno walishayarekebisha yote. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu, kazi.

Leo Sauti alikuja na shida moja. Alikuwa akiishi kwa kaka yake, na kaka yake alishakubaliana na mkewe kwamba mwisho wa mwezi apelekwe kwa shangazi, huko mbali, kwenye nyumba yenye ua mpana, akae uani mpaka jua lizame, kisha aingizwe ndani. "Si kwamba tunakufukuza, wifi," mke wa kaka alimwambia, huku akimkunjia nguo zake bila kuombwa. "Huko utapumzika." Sauti hakuwa amechoka. Lakini hospitali ya mjini ilikuwa inatafuta mpokea simu, kazi yenye chumba cha kulala kwenye nyumba za wafanyakazi, na matroni wa hospitali hiyo alikuwa hapa hapa kituoni asubuhi hii, chumba cha pili, akiwahoji wanaoletwa na kituo. Sauti akiipata hiyo, shangazi atasalimiwa kwa simu.

"Nataka niingie kwa matroni," alisema. "Nipeleke."

"Haiwezekani, dada. Matroni tunampelekea wasio na kazi. Wewe unayo."

"Kazi gani?"

"Ya vigae! Wewe ndiye fahari yetu. Picha yako iko pale ukutani, umeshika simu, unacheka, na chini tumeandika TUMEWEZA. Wageni wakija tunaanzia hapo."

"Kule nilishamwaga unga zamani. Nilikuja nikakwambia."

"Ulikuja, nikaona una msongo wa mawazo, nikakupeleka semina ya kujiamini." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu aliyekwisha kusamehe. "Lakini mimi nakufuatilia, dada. Kila mwezi napiga simu kule, na kila mwezi unapokea wewe. Tena vizuri! Nikishakusikia nakata, nisije nikakuharibia kazi."

Sauti aliilaza fimbo mapajani. Sasa ndipo alipoelewa. Kilichomjia kwanza kilikuwa kicheko, na hasira ikafuata nyuma yake mbio.

Ukweli ulikuwa huu. Hata hajaizoea meza yake kule kwenye vigae, bosi alimwita kwenye chumba chenye zulia, akampa maji baridi, akamwomba aseme maneno machache mbele ya mashine. Alirudia kila neno mpaka koo likakauka, kwa sababu bosi alitaka tabasamu. "Tabasamu linasikika," bosi alimwambia, na Sauti, mjinga wa watu, akatabasamu mpaka mashavu yakauma. Alidhani anapandishwa cheo. Jioni yake aliambiwa kwamba mashine sasa inajua kila kitu, asante sana, na mlango ni ule pale. Alinyooshewa na kidole kabisa, yeye kipofu.

"Ile ni mashine," alimwambia mshauri. "Walinirekodi, kisha wakanitoa."

Mshauri alilitafakari jambo hilo. "Kwani kurekodiwa si kazi?"

"Mashine haipelekwi kwa shangazi!"

"Usipandishe jazba, dada. Utaratibu upo."

Utaratibu ulikuwa kwamba mtu hatolewi miongoni mwa walioajiriwa mpaka mwajiri mwenyewe atamke kuwa hayuko. Picha haiwezi kubanduliwa ukutani kwa maneno ya mwenye picha tu, ingekuwa fujo. Mshauri alivuta simu ya mezani, akaweka spika kwa heshima ya mgeni wake, akapiga.

"Habari ya wakati huu, na karibu sana!" Chumba kizima kikajaa furaha. "Umepiga kampuni ya vigae. Nyumba nzuri huanzia sakafuni!"

"Si wewe huyo?" mshauri alinong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wajuane kushusha sauti, na aliishusha ili asimsumbue aliye kazini.

"Ni mimi."

"Basi!"

"Basi nini? Mimi niko hapa, kaka! Nimekalia kiti chako!"

"Ukitaka mauzo, bonyeza moja," yule wa kwenye simu aliendelea, hana ugomvi na mtu. "Ukitaka kuongea na mhudumu, bonyeza sifuri."

Mshauri alibonyeza sifuri. Muziki ukaanza, ule wa kinanda unaozunguka pale pale.

"Sifuri ni meza yangu," Sauti alisema. "Simu inalia pale nilipokuwa nakaa mimi."

"Sasa nani atapokea?"

"Mimi. Na mimi niko hapa, nakusubiri wewe."

Mshauri hakuona tatizo. Alisema wavute subira kidogo, akamimina chai yake. Chumba cha pili viti viliburutwa. Mtu alitoka akishukuru, akaitwa mwingine, halafu hakuitwa mtu tena, na Sauti akasikia zipu ya mkoba ikifungwa. Matroni alikuwa anaondoka. Na kila muziki ulipokatika, mwanamke mwenye furaha tele alimwambia: "Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali endelea kusubiri." Alilichukia tabasamu lile kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote, wifi yake akiwemo.

Mlango uligongwa.

"Samahani, ni matroni. Nilikuwa naondoka, sijampata niliyemtaka. Ila nimesikia sauti kupitia ukutani. Huyo dada ni nani? Mtu kama huyo ndiye ninayemtafuta."

Mshauri alisimama kwa fahari mpaka kiti kikalia. "Huyo ni wetu! Bahati mbaya tu, ameshaajiriwa."

"Sijaajiriwa!" Sauti alisema, kwa ukali uliomshtua mwenyewe. Kisha aligeukia kule alikosikia viatu, akayavuta mashavu yake, na kwa ulaini ule ule akasema, "Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali endelea kusubiri." Akayaachia mashavu. "Ni mimi, mama. Sina kazi, na naitaka hii yako."

Matroni alicheka kama mtu aliyeokota pete njiani. Akaja, akamshika mkono. "Jamani! Jumatatu uanze. Chumba chako kipo."

Sauti aliishika fimbo yake, tayari kwenda kuchukua nguo zake.

"Ila kabla ya hapo," matroni aliendelea, "utapita siku moja uturekodie maneno machache tu. Unajua, usiku watu wanapiga simu, na hatuna mtu wa zamu hiyo."

Sauti aliurudisha mkono wake taratibu. Aliufikiria ule ua wa shangazi, akaogopa, akaogopa kweli kweli.

"Nikisharekodi," aliuliza, "mtanihitaji kwa lipi?"

Matroni aliupandisha mkoba wake begani.

"Zamu ya usiku nipeni mimi, giza halinisumbui. Lakini mimi na sauti yangu tunakuja pamoja Jumatatu, au hatuji."

"Dada, nafasi kama hizi..." mshauri alianza, na hakuna aliyemsikiliza. Muziki mezani ulikatika.

"Simu yako ni muhimu kwetu," ilisema simu, kwa tabasamu lote. "Tafadhali endelea kusubiri."

Mshauri alinyoosha mkono aikate.

"Iache," Sauti alisema. "Leo inamwambia matroni."

Matroni akauweka mkoba chini, akavuta kiti, akaketi.