Uzi wa Mwisho wa Koto

Hirabayashi alizivua hedifoni, akazirudisha juu ya kitambaa cheusi. "Hizi nazo zinakata sauti," alisema.

Muuzaji, Onodera, mwanamume wa makamo aliyevaa glavu nyeupe, aliinama na kuomba radhi kana kwamba amezitengeneza yeye. Akazifuta, akaenda kuleta nyingine.

Sawako, mke wa Hirabayashi, aliketi kando na mkoba wake magotini. Ilikuwa Jumapili pale Akihabara, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki, na dukani kila kiti kilikuwa na mtu aliyefumba macho. Watu huja na muziki wao wenyewe, maana hedifoni hupimwa kwa kitu ambacho mtu anakijua fika. Hirabayashi, aliyekuja kujinunulia zawadi ya kustaafu, alikuja na rekodi ya Sawako akipiga koto, ala ya nyuzi ya Kijapani, sebuleni kwao, mwaka walipooana. Aliirekodi mwenyewe, na tangu hapo hakununua chombo cha muziki bila kukipima kwayo. Mpigaji hakumshughulisha. Alichosubiri ni mwisho, pale uzi mwembamba kuliko nyuzi zote unapopigwa na sauti yake kufifia taratibu hadi kimya.

Siku ile ya kurekodi, alipozima mashine, alimwambia Sawako kwamba uzi huo haukukazwa sawasawa, na kwamba asiyesikia kosa lake mwenyewe heri aache. Kisha akatania kuwa masikio ya mkewe ni ya kuvalia herini tu. Utani huo ulidumu kuliko koto yenyewe, ambayo Sawako aliifunga kitambaa na kuisimamisha nyuma ya kabati. Wageni waliucheka. Watoto waliurithi.

Hedifoni zilizofuata nazo zilikata. Onodera alikubali kila neno, maana katika duka kama lile mteja wa umri ule haambiwi kuwa kasoro si ya hedifoni. Sawako naye hakuwa amelisema, ingawa wiki nzima birika lilikuwa likipiga mluzi jikoni na mumewe akipita kando yake bila kugeuza kichwa.

Onodera alipoishiwa la kufanya alimgeukia Sawako, akamnyooshea hedifoni kwa mikono miwili, na kitu kinachotolewa hivyo hakikataliwi. "Labda na Mama ajaribu kidogo."

"Huyu?" Hirabayashi alicheka. "Unajichosha bure, bwana."

Sawako alizivaa. Nyumbani mumewe alisikiliza peke yake, mlango umefungwa, na Sawako hakuwahi kuisikia rekodi ile. Kwanza alisikia pumzi, msichana akivuta hewa kabla ya kuanza. Kisha vidole. Halafu ukaja uzi wa mwisho, naye akakaza mwili kulisubiri kosa lililoipeleka koto yake nyuma ya kabati. Halikuja. Uzi ulikuwa sawa kabisa. Sauti ilienda, ikakonda, ikaenda tena, na nyuma yake shomoro akalia bustanini. Akamchukia mumewe kwa mara ya kwanza bila kujionea haya.

"Zinakata, sivyo?" Hirabayashi aliuliza mkewe alipozivua.

Onodera alimtazama Sawako kwa macho ya kuomba.

"Mimi nitajuaje, Baba? Yangu si ya kuvalia herini?"

Hirabayashi alicheka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Onodera akanyoosha kitambaa ili azifute, lakini Sawako hakuziachia.

"Bado sijamaliza," alisema, akazivaa tena. "Hebu ianzishe tena."

Hirabayashi alibonyeza kicheza-muziki kilichokuwa kiganjani mwake. Vidole vya Sawako vilianza kutembea juu ya mkoba, kwanza kwa woga, kisha kwa hakika. Walipokuwa wachumba, mumewe alizoea kuja kumtazama akijifunza, na alimjua vizuri mwalimu wake mkali aliyewapiga marufuku wanafunzi kushusha kidole kabla sauti haijaisha. Sawako aliupiga uzi wa mwisho hewani, akakiacha kidole juu.

Hirabayashi alitazama sekunde za kicheza-muziki. Zilifika pale sauti ilipokuwa ikimkatikia, zikapita. Alikitazama kidole. Alimtazama Onodera, ambaye alikuwa ameinama akizikagua glavu zake. Akakirudia kidole, na kicheko kikamwisha usoni. Midomo yake ilitamka jina la mkewe.

Sawako aliiona. Angeweza kukishusha kidole tu, akamhurumia. Lakini sauti ilikuwa bado ipo.