Binti Asiyekosa Sala

Jirani yangu ndiye aliyeanza kumsifu. Alikuja kuchukua sare za watoto wake, akamkuta binti yangu anakunja mswala.

"Shoga, umebarikiwa," akaniambia. "Alfajiri hapitwi, magharibi hapitwi. Wangu mpaka nimmwagie maji!"

Nikacheka naye. Alipotoka nikakaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Kweli binti yangu hakosi sala, na hilo ndilo lililonishtua. Msichana wa umri wake ana siku zake kila mwezi za kukaa bila kusali, na mama huzijua bila kuuliza. Mimi sikuwa nimeziona tangu baridi ilipoanza.

Sifichi, kwanza nililiwaza lile ambalo kila mama huliwaza. Lakini tumbo gani hilo, wakati kila mara ananiletea kaptula yake ya mbio nimpunguzie kiuno? Jioni husema ameshakula kwenye kambi ya mazoezi. Na wasichana aliokuwa akiwaacha nyuma sasa wanamwacha yeye, huku mbio za kuchagua timu ya taifa ya vijana zinakaribia.

Nilimwita chumbani, nikafunga mlango.

"Mwanangu, siku zako zimekwenda wapi?"

Akatazama sakafu. "Wakimbiaji wote huwa hivyo, mama. Ndiyo dalili mazoezi yamekolea."

"Nani kasema?"

"Wenzangu. Nikipungua kidogo tu, nitakuwa mwepesi."

"Wepesi ninauona. Kasi iko wapi?"

Machozi yakamtoka, akaniambia na mguu unamuuma, mfupa wa mbele, hata akilala.

Kesho yake tulikwenda kwa kocha wake, mama mmoja mrefu aliyewahi kukimbia mwenyewe. Kumbe kambini binti yangu alikuwa akimwambia kocha ameshakula nyumbani. Kocha akatupeleka kwa daktari wa wanamichezo. Daktari alitueleza taratibu: mazoezi ni mengi, chakula ni kidogo, basi mwili umeanza kubana matumizi. Umefunga siku zake kwanza, na sasa unaiacha mifupa ilegee. Akikimbia hivyo, mguu utavunjika.

"Na mbio za kuchagua timu?" binti yangu akauliza.

"Hukimbii mpaka daktari aniambie," kocha akasema. "Bibie, mimi nilikuchagua kwa hayo mapaja. Nani kakutuma uyapunguze?"

Tukaanza kula. Nasema tukaanza, kwa sababu hakuweza peke yake. Mwanzoni aliutazama wali kama dawa chungu, basi nami nikawa nakaa na sahani yangu mbele yake, nasema bismillahi, tunakwenda tonge kwa tonge. Nikanenepa mimi kwanza. Asubuhi uji wa maziwa, mayai, mchana maharage. Kaka yake hakukosa la kusema: "Mama, funga kabati, bingwa anakuja!" Akarushiwa kandambili. Kambini kocha alikaa meza moja na wasichana wote, na hakuna aliyeinuka sahani ikiwa na kitu.

Alfajiri moja akaniambia akiwa nyuma ya mlango, "Mama, leo sali peke yako." Nilisujudu nikachelewa kuinuka.

Mguu ukapona, daktari akamruhusu, mazoezi yakarudi polepole. Siku ya mbio nilimwona amesimama kwenye mstari, mnene kuliko wenzake wote. Mwanamke nyuma yangu akanong'ona, "Na huyu kaja kufanya nini?" Nikauma ulimi, nikaendelea na dua yangu.

Walikuwa wanachukua wawili tu. Mzunguko baada ya mzunguko alikaa katikati ya kundi, wala hana haraka. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, wenzake wakaanza kuishiwa nguvu. Yeye akafungua miguu. Akampita wa nne, akampita wa tatu. Kwenye kona akamshika wa pili, wakaenda bega kwa bega, nami nimeshasahau dua, napiga kelele kama mwendawazimu. Akampita! Wa kwanza hakumfikia, lakini nafasi ya pili ilikuwa yake. Kocha alirusha kofia hata asijue ilikoangukia.

Binti yangu hakulala chini kama wengine. Alikuja moja kwa moja kwenye uzio, jasho linamchuruzika, timu ya taifa ameshaishika.

"Mama, umebeba chakula? Nina njaa!"

Nikafungua bakuli. Akala pale pale amesimama, mbele ya uwanja mzima, nami nikamshikia maji.